Mrejesho: kazi yetu ya grupe, kila mtu ako mji wake

Jambo bandugu, ni mimi ule niliulizaka namna ya kufanya kazi ya masomo pamoja wakati mimi niko Goma, wengine Lubumbashi na mmoja Kinshasa, maana kwa WhatsApp fishie ya Word ilikuwa inazunguka hadi hakuna anajua ya mwisho ni gani. Tulifuata ile ya Google Docs mulisema, fishie moja tu ya intaneti yenye wote tunaandika ndani, na kweli imesaidia. Ninapenda sana istoriki yake, unaona nani aliandika nini na saa gani, kumbe ule wa "niko naandika" alikuwa analala hhh. Kura (umeme) ikikatika tunaandika tu bila intaneti, tulishaiweka hivyo ndani ya simu, koneksio ikirudi inajituma yenyewe. Reyunio ya video tuliacha, inakula mega, tunatumiana vokale (ujumbe wa sauti). Trello, ile ya kupanga nani anafanya kazi gani, hakuna hata aliifungua. Shida ilibakia saa, Kinshasa iko nyuma saa moja, mwenzetu alikuwa anaingia tukishamaliza, sasa tunaandika "saa ya Goma" kila mara. Na aksanti kwa ule alisema tuchague mtu wa kuandika maamuzi, tulimupa dada wa Lubumbashi, habembelezi mtu.