Nimepanga orodha ya kompyuta ya gemu, nionyesheni nilipokosea kabla sijatoa hela

MzeeWaUsiku

Wakuu, heshima kwenu. Miaka mitano sasa nachezea laptopu isiyo na kadi ya grafiki. Feni yake ikianza kunguruma, mke wangu akiwa chumba cha pili anajua tayari nimeshaanza kujenga mji. Nimedunduliza, na sasa nina fungu la kutosha kuunda kompyuta ya mezani ya kiwango cha kati: siyo ya kuokoteza, siyo ya kifahari. Na nataka niiunde kwa mikono yangu mwenyewe.

Orodha ndiyo hii. Prosesa Ryzen 9 7900X, ubao mama wa B650, RAM ya DDR5 kipande kimoja cha GB 16 (cha pili nitaongeza mbele ya safari), kadi ya grafiki RTX 4060 ya GB 8, SSD ya NVMe ya TB 1 ya kuhifadhia. Kasha nimeliona moja zuri sana, lina kioo mbele na feni sita za taa, halafu linakuja na pawasaplai yake ndani, imeandikwa wati 850. Monita ninayo, 1080p (ndio wingi wa nukta za picha), hertz 60, bado nzima kabisa.

Ninacheza Cities: Skylines II, ile ya kujenga mji, na wikendi Counter-Strike 2, ya kupigana risasi, na mdogo wangu ambaye hunifunga kila mara na kusema kosa ni la laptopu, kwa huruma tu. Nikipata mashine hii nataka hatimaye nicheze Cyberpunk 2077, ambayo tangu itoke 2020 nimekuwa nikiitazama kwenye video za watu. Wazo langu ni kuweka prosesa kubwa ili idumu. Nimekosea wapi?

Fundi_Bisibisi

Mkuu, karibu. Umekosea, ila umekosea kabla ya kulipa, na hapo hakuna hasara.

Orodha yako ina kichwa cha tembo na miguu ya kuku. Tuanze na kichwa. Viini 12 vya 7900X, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu, havikai pamoja. Ni chipu mbili zenye viini 6 kila moja, zimelala chini ya bati moja. Habari ikivuka kutoka chipu hii kwenda ile inachelewa, ndiyo maana gemu nyingi hunufaika zaidi zikibaki upande mmoja. Kwenye Counter-Strike utakuwa umelipia 12 ukatumia 6. Ryzen 5 7600 ina viini 6, inakaa kwenye soketi (kitako cha prosesa kwenye ubao) ileile ya AM5, na feni yake imo ndani ya boksi. Hiyo 7900X haiji na feni, imepangiwa wati 170, na kwenye orodha yako sijaona feni ya prosesa popote. Ulipanga kuipepea na gazeti?

Kitakachobaki hapo kipeleke kwenye kadi. Mimi nikimpangia mtu kompyuta ya gemu hugawa hela yote mafungu kumi, na manne yanakwenda kwenye kadi kabla sijagusa kitu kingine. Tafuta RX 9060 XT au RTX 5060 Ti, zote za mwaka 2025, na tafadhali sana soma boksi: kila moja inauzwa ya GB 8 na ya GB 16 kwa jina lilelile. Chukua ya 16. Kadi ya GB 8 haishindwi kuchora. Tatizo linaanza kumbukumbu yake ikijaa kuta, nyasi na nguo za watu wa kwenye gemu, kwa sababu hapo inaenda kuazima kwenye RAM ya kompyuta, na njia ya kwenda huko ni nyembamba. Wastani wa fremu, yaani picha kwa sekunde, utauona mzuri, lakini mchezo unashtukashtuka kama gari linaloendeshwa na mwanafunzi.

Halafu monita. Hertz 60 maana yake picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7. Kadi ichore fremu 200, wewe utaonyeshwa 60. Unataka kununua mashine mpya ili uitazame kupitia tundu la ufunguo. Bora ushushe kila kitu daraja moja lakini upate monita ya hertz 144 au zaidi. Hapo picha inakuja kila milisekunde 6.9, na mdogo wako atakosa la kusingizia.

KoroshoTatu

Fundi anakupeleka kwenye AM5 kana kwamba hakuna njia nyingine. Mimi natumia Ryzen 5 5600 kwenye ubao wa B550 na RAM ya DDR4, na sijawahi kulala njaa. Vitu vya AM4, soketi iliyotangulia AM5, vilivyotumika vimejaa, vinafanya kazi, na RAM ya DDR5 ilipanda bei vibaya sana mwishoni mwa 2025. Akiba hiyo mtu anahamishia kwenye kadi, ambayo Fundi mwenyewe anasema ndiyo inayochora.

Fundi_Bisibisi

KoroshoTatu, sibishani na hilo. Kama hela inabana, AM4 ni njia ya heshima. Ila mwenzetu anasema anataka kitu kidumu. AM4 iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 ilikuja kupokea prosesa ya 5800X3D mwaka 2022, na kuna watu waliobadilisha prosesa tu kwenye ubao wa miaka mitano, wakasasisha BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta), wakaendelea na maisha. Njia hiyo sasa imefika mwisho wake. AM5 bado iko katikati, na AMD, wenye Ryzen, wameahidi kuitunza hadi 2027 na kuendelea. Anayeunda upya leo, kama anaweza, aanzie pale ambapo bado kuna mbele.

MzeeWaUsiku

Nawashukuru, nimeshakata 7900X ingawa moyo umeuma. Swali: Skylines II si inatumia viini vingi? Mji wangu wa mwisho ulifika watu laki mbili, laptopu ikawa inapiga hatua moja kwa sekunde. Na kuhusu RAM, si GB 16 ni GB 16, iwe kipande kimoja au viwili?

Fundi_Bisibisi

Kwenye Skylines II umenikamata. Hiyo kweli inatumia viini vyote unavyoipa, na mji wa laki mbili utaielemea 7600. Lakini jiulize kwa wiki unacheza mji mkubwa saa ngapi. Ukiona ndiyo gemu yako ya kila siku, panda hadi Ryzen 7 7700: viini 8, vyote kwenye chipu moja. Usirudi kwenye 12.

RAM siyo sawa. Vipande viwili vinafungua njia mbili za kupitisha habari kwa wakati mmoja, kipande kimoja kinafungua moja, na gemu zinaisikia tofauti hiyo. Hilo la kuongeza baadaye pia ni mtego: vipande vilivyonunuliwa nyakati mbili vinaweza kukataa kuelewana hata kama maandishi ya juu yanafanana. Nunua pakiti moja yenye vipande viwili, GB 32 kwa jumla ukiweza, ya kasi ya 6000. Usipange kuja kujaza nafasi zote nne, maana DDR5 ikiwa vipande vinne kwenye AM5 kasi hushuka sana.

Viweke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukishawasha, ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoiruhusu RAM ifikie kasi iliyoandikwa. Bila hiyo umenunua 6000 na unaendesha 4800, na kompyuta haitakuambia kitu.

Bi_Solda

Jamani, wote mmeongea mmeipita pawasaplai iliyokuja bure ndani ya kasha, kama watu wanaopita jeneza wakisifia maua.

Mdogo wangu, hiyo "wati 850" ni maandishi tu kwenye stika. Hesabu na mimi. Kadi aliyokutajia Fundi inakula wati 160 hadi 180 hivi. Prosesa ya 7600 haizidi sana 90. Ubao, RAM, SSD na feni tuzipe 60, na hapo nimekuwa mkarimu. Hujafika hata 350. Wati 550 za kweli zinatosha, 650 zinakuachia nafasi ya kadi kubwa zaidi siku nyingine. Unachonunua ni uaminifu wa hizo wati, pamoja na ulinzi wa kukata umeme mambo yakiharibika. Na alama ya 80 Plus iliyoandikwa kwenye boksi inapima tu ni kiasi gani cha umeme hakipotei kwa joto. Haisemi kama vilivyomo ndani ni imara. Soma vipimo vya watu walioifungua ile modeli hasa unayoitaka, maana hata kampuni nzuri ina matoleo ya kuonea aibu.

Sasa niwasimulie upumbavu wangu. Nilibadilisha pawasaplai ya nyaya za kuchomoa. Mpya ilikuja na nyaya zake kwenye mfuko, lakini za zamani nilikuwa nimezipanga vizuri nyuma ya kasha, nimezifunga na vibano, nikaona uvivu kuzitoa. Nikachomeka pawasaplai mpya kwenye nyaya za zamani. Ziliingia bila shida yoyote! Nikawasha, nikasikia harufu, na diski mbili zikafa papo hapo, moja ikiwa na picha zote za mwanangu alipokuwa mchanga. Upande wa diski na ubao viunganishi vina utaratibu mmoja kwa kampuni zote. Upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, na hata kampuni hiyohiyo hubadilisha kati ya modeli na modeli. Waya unaoingia siyo lazima uwe waya unaofaa. Sikumlaumu mtu, kosa lilikuwa langu, na hadi leo sijapenda kufungua kabati lenye zile diski.

MzeeWaUsiku

Pole sana dada. Pawasaplai ya bure nimeitupa kwenye orodha, na kasha lake nalo.

Bi_Solda

Afadhali. Lilikuwa limefungwa kioo puani, hewa ingeingilia wapi? Tafuta lenye wavu mbele, feni mbili za kuvuta na moja ya kutoa nyuma, basi. Pima urefu wa kadi kabla ya kulipa. Na ukifika kufunga ubao, hesabu vile vijinguzo vya shaba vya chini yake: kilichokaa pasipo na tundu la skrubu kinaweza kugusa mgongo wa ubao, na kompyuta isiwake.

MzeeWaUsiku (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi. Mwishowe nilichukua 7600, B650, RAM GB 32 vipande viwili, RX 9060 XT ya GB 16, SSD ileile, pawasaplai ya wati 650 ya kampuni aliyoipitisha Bi Solda kwa masharti, na monita ya 1440p hertz 165. Kasha la wavu, halina taa hata moja. Mke wangu amelisifia, anasema linafanana na friji ndogo.

Kuunda kulinichukua Jumamosi nzima. Kufunga kile chuma cha soketi ya AM5 nusura nilie: unabonyeza na kinatoa mlio kama kitu kinavunjika, kumbe ndivyo kilivyo. Nikawasha, feni zikazunguka, monita nyeusi. Dakika moja. Dakika tatu. Nikakaa sakafuni. Nilipokuwa nanyanyua mkono nichomoe umeme, picha ikaja.

Fundi_Bisibisi

Hongera mkuu. Ningekutahadharisha hilo, nimesahau. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza hujipima na ubao, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ungechomoa ungeianzisha upya.

MzeeWaUsiku

Sasa ndiyo nimekuja na shida. Cyberpunk nimeifungua jana usiku kwa matumaini yote ya tangu 2020. Fremu 11. Nikashusha mipangilio yote hadi chini kabisa, 19. Draiva, programu ya kuiongoza kadi, nimeweka mpya. EXPO imewashwa. Kadi haitoi hata joto, feni zake zimesimama kabisa. Nimeanza kuhisi nimeuziwa kadi mbovu, na leo nilikuwa najiandaa kuirudisha.

KoroshoTatu

Joto la prosesa je? Umetoa ile plastiki ya chini ya feni?

MzeeWaUsiku

Haikuwa na plastiki, ilikuja na dawa yake ya kupitisha joto imeshapakwa. Joto lipo 60.

Fundi_Bisibisi

Mkuu, usirudishe kitu. Umesema feni za kadi zimesimama. Prosesa ya 7600 ina grafiki yake ndogo ndani, ya kuonyesha picha tu, siyo ya kazi hiyo. Waya wa monita umeuchomeka wapi? Kule juu kwenye ubao mama karibu na tundu za USB, au chini kwenye kadi yenyewe?

MzeeWaUsiku

Ngoja niangalie.

MzeeWaUsiku

Naomba mtu asicheke.

Bi_Solda

Tumeshacheka. Ukimaliza kuhamisha waya, ingia kwenye mipangilio ya skrini uiambie hertz 165. Nina hakika bado iko kwenye 60.

MzeeWaUsiku

Iko kwenye 60.