Mafumbo ya hesabu kwenye mtihani wa kuombea masters: kitabu, apu ya kulipia au tuisheni?

Kijana_wa_Mbezi
Wakuu habari za majukumu. Mwaka huu nimeamua niombe masters nje, sasa kuna ule mtihani wao na shida yangu ni moja tu, mafumbo. Hesabu ikija namba tupu naimaliza, ila ikishavishwa maneno, sijui baba ana miaka mara tatu ya mtoto, sijui bomba moja linajaza tenki lingine linatoa, kichwa kinazima kama LUKU imeisha. Nina laki tatu imekaa pembeni. Kuna jamaa anauza kitabu rasmi cha watunga mtihani kimetumika kidogo, kuna apu ya kulipia kila mwezi kwa dola, na kuna mwalimu anafundisha jioni wiki nne. Nichukue ipi? Nataka nilipe Ijumaa kabla hela haijapata shughuli nyingine. Nawasilisha.

bibi_takwimu
Mtihani upi mkuu, GRE au GMAT? Umeuliza nauli hujasema unakwenda wapi.

Kisiki
Na unafanya lini? Umeshajipima ukapata ngapi? Unaomba kozi gani? Maana vyuo vingi tu vya Marekani viliacha kuutaka huo mtihani tangu kipindi cha korona, usije ukatoa dola 220 za GRE kwa kitu ambacho hakuna aliyekuomba. Fungua ukurasa wa kozi yako usome kwanza.

chapati_maji
Apu, sihitaji hata kujua mtihani gani 😂 Mi nilikuwa napanda mwendokasi Kimara asubuhi, maswali kumi kwenda kumi kurudi, na nilikuwa nasimama. Kitabu kile kinene kama Biblia ya mchungaji utakishikaje huku umebanwa mlangoni? Halafu apu ukikosea inakuonyesha video hapo hapo. Ubaya wake mmoja, nililipa kwa kadi ya mtandaoni nikasahau kujiondoa, nimeshamaliza mtihani bado wanakata tu kila mwezi, nimekuja kushtuka mwezi wa tatu.

Mwalimu_Pai
Hapana. Nafundisha hesabu sekondari mwaka wa 11 huu, nakwambia mafumbo hayafanywi kwa kidole. Yanafanywa kwa karatasi na kalamu. Na shida ya watu wengi wala sio hesabu, ni kusoma. Jaribuni hili bila kufikiri sana: shule ina wanafunzi mara sita ya walimu, andika mlinganyo.

chapati_maji
6W = W 😂😂

Mwalimu_Pai
Haya, kwa Kiswahili wote wanaanza na W kwa hiyo hata kudanganyika tunadanganyika vizuri. Tuseme N ni idadi ya wanafunzi, L ya walimu. Darasani nikiuliza zaidi ya nusu wanaandika 6N = L, kwa sababu wanaandika kwa mpangilio wa maneno yalivyokuja, wameona "wanafunzi", wameona "sita", wamebandika pamoja. Sasa weka walimu 10. Mlinganyo wako unasema L ni 10 kwa hiyo wanafunzi ni mmoja na theluthi mbili, mtoto mmoja na miguu ya mwingine. Sahihi ni N = 6L. Kiingereza nacho kina mitego yake, ukikuta "seven less than twice a number" mtu anaandika 7 − 2x kwa kuwa saba imetajwa mwanzo, kumbe ni 2x − 7. Sasa hiyo apu itakuonyesha video dakika nne, utatikisa kichwa, kesho unarudia kosa lile lile. Nunua kitabu na daftari la kaunta, kila fumbo andika kwanza herufi inasimama badala ya nini kwa maneno kamili, ndo uanze.

dada_mhasibu
Naomba niongelee tuisheni maana hapo mimi niliumia. Nililipa 280,000, wiki nne, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi jioni, chumba cha juu hakina feni. Mwalimu ana akili kweli, siwezi kumsingizia, ubao unajaa ndani ya dakika kumi. Ila wiki ya kwanza tumepiga sine na cosine, wiki ya pili integresheni, mi nimekaa nasema basi hii ndo GRE yenyewe, kumbe trigonometria na kalkulasi hazimo kabisa kwenye GRE! Ni hesabu za kawaida, aljebra, jometri na takwimu, basi. Mafumbo tuliyagusa siku mbili tena kwa makaratasi ya fotokopi yaliyofifia, maswali 20 dakika 35, ambao ni muundo wa zamani. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, sekshini ya kwanza ya hesabu maswali 12 dakika 21, ya pili 15 dakika 26. Hakuna aliyeniambia. Nimeingia chumbani, swali la nne likaja la karanga na korosho zinachanganywa, bei tofauti, kilo ngapi za kila aina ili mchanganyiko uuzwe bei fulani. Yaani hesabu ya duka la Mpemba, nimezaliwa dukani mimi! Nikaliganda dakika sita, nilikuwa nalichukulia kama ugomvi binafsi. Nilipotazama saa zimebaki dakika tatu na maswali matano sijayaona. Nikatoka na 145. Kumpigia mwalimu hapokei, ila kwenye status anaposti "kundi jipya linaanza Jumatatu, nafasi chache".

Kisiki
Pole sana dada. Ila hapo kwenye kuganda ni kosa lako kidogo, GRE inaruhusu kuliwekea swali alama ukaliruka ukarudi baadaye ndani ya sekshini ile ile.

dada_mhasibu
Najua SASA. Nilirudia baadaye nikapata 157, nilisoma mwenyewe kwa video za bure za Khan Academy na mitihani miwili ya bure ya kwenye tovuti ya ETS, wale watunga GRE. Hela niliyotumia ni bando tu.

Otis_wa_Rongai
Niko Nairobi, naona mnasumbuka bure. Sisi tulitengeneza group ya watu watano WhatsApp, kila mtu kila siku analeta swali moja na lazima aeleze kwa voice note vile amelifikiria, si jibu tu. Ukishindwa kueleza unatuma soo, yaani shilingi mia, ya chai. Hapo ndio unajua kama umeelewa ama umekariri.

bibi_takwimu
Hiyo ya voice note nimeipenda. Huku kwetu kundi kama hilo wiki ya pili limeshakuwa la michango ya harusi.

Kijana_wa_Mbezi
Samahani wakuu nilibanwa na kazi. Ni GRE. Kozi ni afya ya jamii. Imebaki wiki sita. Nilijipima nikapata 148.

Kisiki
Ulijipima kwa mtihani upi, ule wa bure wa ETS? Kwa saa?

Kijana_wa_Mbezi
Ndio ule. Saa sikuiweka, na nilitumia kikokotoo cha simu.

bibi_takwimu
Basi hiyo 148 sio yako mkuu, ni ya simu. Kikokotoo GRE kipo, ila ni cha kwenye skrini, kidogo, unabofya kwa mausi na kinakula muda.

chapati_maji
Afadhali hicho kuliko kile cha wastaafu 😅

Kisiki
Chapati usianze. Mkuu ungekuwa unafanya GMAT ningekwambia jingine kabisa, kule sekshini ya hesabu ni maswali 21 kwa dakika 45 na kikokotoo hakuna, wanakupa kwenye ile sekshini ya data tu. GRE ukigawa unapata kama dakika moja na sekunde 44 kila swali. Kwa hiyo kwa wiki sita ningechukua maswali rasmi, niyafanye kwa saa, yale ya kampuni nyingine mengi ni magumu pasipotakiwa ugumu, wanakutisha ununue kifurushi.

Mwalimu_Pai
Na kikokotoo hakisomi swali. Chukua hili: basi limetoka Dar kwenda Morogoro kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ile ile kwa 40. Mwendo wa wastani wa safari nzima ni ngapi?

abiria_wa_kudumu
50. Hilo la darasa la tano.

Mwalimu_Pai
48. Chagua umbali wowote unaogawanyika vizuri, tuseme 120. Kwenda saa 2, kurudi saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5.

abiria_wa_kudumu
Dar Moro sio 120 mwalimu, inakaribia 200. Umebadilisha swali.

Mwalimu_Pai
Umbali haujalishi, weka 200 uone.

abiria_wa_kudumu
Na hakuna basi linalotembea 60 kutoka Dar. Ukikuta foleni ya kuanzia Kimara mpaka Kibaha huo wastani wako unakuwa 20. Siku hizi watu wanapanda treni ya SGR, imeanza Juni 2024, hilo swali limeshapitwa na wakati.

chapati_maji
SGR nayo ukikata tiketi Ijumaa jioni uniambie umepata 😂

dada_mhasibu
Mi nilipanda wiki iliyopita, saa mbili hazikufika niko Moro, tatizo ni kutoka stesheni kwenda mjini, bodaboda wa pale wanakutajia bei kama wamekuona na sanduku la uwanja wa ndege.

bibi_takwimu
Pale shukia ukatembee kidogo nje ya geti, bei inashuka yenyewe.

Kijana_wa_Mbezi
Wakuu turudi kwenye mada jamani, Ijumaa ni kesho. Tuisheni nimeshaifuta kwa aliyoyasema dada. Imebaki kitabu au apu.

Mwalimu_Pai
Kitabu.

chapati_maji
Apu, ila weka kikumbusho cha kujiondoa.

Otis_wa_Rongai
Zote mbili hazitasaidia ukisoma pekee yako boss, nitumie namba PM nikuadd.

Kisiki
Hicho kitabu jamaa anauza bei gani, na ni toleo la mwaka gani? Kama ni cha kabla ya 2023 maswali yanafaa, muda na idadi ndo vimebadilika. Na je kimeshajazwa majibu kwa kalamu?

Kijana_wa_Mbezi
Laki na ishirini. Toleo sijaangalia. Ngoja nimpigie.

abiria_wa_kudumu
Nimeweka 200 nikapata 48. Ila bado foleni hamjaihesabu.