Mrejesho: mihimili ya paa, mmoja umefeli

Wakuu, niliuliza namna ya kujua uimara wa mihimili mitano ya mbao ya zamani bila kuikata vipande vya maabara. Mkasema nyundo kwanza, kisha mawimbi ya sauti.

Kwa nyundo, minne ililia kavu. Wa tatu ukatoa mlio mzito, butu. Fundi akabana vihisi viwili miishoni, akagonga. Kwenye ile mizima, wimbi lilipita mita 4 kwa takriban mikrosekunde 800, yaani mita 5,000 kwa sekunde. Wa tatu: mikrosekunde 1,150. Ukakamavu wa mbao ni densiti mara kasi kipeo cha pili, kwa hiyo huo hata nusu ya ukakamavu wa mingine haufiki.

Nikajitetea kwamba ni unyevu tu, maana nao hupunguza kasi. Kipimo cha unyevu kikasoma asilimia 14, yaani mbao kavu. Sindano ya kutoboa ya milimita 3 ndiyo iliyomaliza ubishi: kwenye ncha iliyolala ndani ya ukuta ilizama bila ukinzani. Nje rangi safi, ndani unga. (Mkuu uliyesema nipige rangi niendelee, tutaongea.)

Minne inabaki kwa sasa. Mhandisi bado anakagua vifundo (pale matawi yalipochomoza), kwa sababu wimbi hutoa wastani wa urefu wote na kifundo kimoja kibaya kinaweza kujificha humo.