Mstari hafifu kwenye kipimo cha mkojo

Dereva wa Umoja:
Habari zenu, wanajukwaa. Mwajiri wetu hapa Nairobi ametupima mkojo kwa vijiti vya kutambua dawa za kulevya. Changu kilionyesha mstari wa wazi penye C (mstari wa kuhakikisha kijiti kinafanya kazi) na mwingine hafifu sana penye T (mstari wa kipimo chenyewe), nami nilikuwa nimekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Je, nimepatikana?

Fundi wa maabara:
La, ndugu. Vijiti hivi huenda kinyume na kile cha mimba: dawa ikiwamo kwenye mkojo huzikamata kingamwili (protini za kunasa dawa) zilizotiwa rangi kwenye kijiti, zikashindwa kushika penye T, na mstari usitokee. Kwa hiyo mstari huo, hata ukiwa hafifu, ni hasi, yaani dawa haikugunduliwa, mradi ulisomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mstari wa C ukikosekana, kipimo kirudiwe.

Mama Pendo:
Hata hivyo usiipuuze kodeini, kwa kuwa ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini, ambayo vijiti vya aina hii huweza kuitambua. Mwonyeshe mwajiri cheti cha daktari mapema, na siku T ikikosa mstari, dai sampuli ipelekwe maabara kuthibitishwa. Kumfuta mtu kazi kwa kijiti pekee ni uonevu.

Dereva wa Umoja:
Ahsanteni. Cheti ninacho.