Nabomoa nyumba ya zamani Chang'ombe Dodoma, kijiko cha kubomolea kinakuja Jumamosi. Ushauri tafadhali

Mwana_Chang'ombe: Wakuu habari za mchana. Nina nyumba ya zamani ya tofali za tope, vyumba vitatu, bati zimeoza. Nataka kuisukuma yote chini, nisafishe kiwanja, nichimbe msingi kabla mvua za Desemba hazijashika. Niangalie nini? Sipati usingizi.

Mzee wa Kifusi: Usisukume, vua. Bati kwanza, kisha mbao za kenchi, halafu ukuta kuanzia juu kushuka. Ukuta wa tope ukibaki peke yake bila paa, upepo wa hapa Dodoma unaumaliza na kibarua akiwa chini yake.

Bibi Harusi 2: Hongera mkuu. Sisi tulibomoa ya mama mkwe, ugomvi hadi leo. Alilia kwa ajili ya mlango tu. Mlango!

Umeme Kwanza: Umeme umekatwa?

Mwana_Chang'ombe: LUKU imeisha uniti, haina shida.

Umeme Kwanza: Ina shida kubwa. Uniti zikiisha, waya wa kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye mita bado una moto. Nenda TANESCO waje wakate kwenye nguzo. Na DUWASA wafunge maji yao. Shimo la choo cha zamani liko upande gani? Kijiko kikipita juu ya lile zege bovu kinazama na dereva wake.

Mwana_Chang'ombe: Choo kiko nyuma, mbali. Tatizo ni ukuta mmoja wa pembeni tu, umegusana na jirani kidogo.

Mzee wa Kifusi: Umegusana au ni mmoja?

Mwana_Chang'ombe: Ni mmoja. Ila mwenye kijiko ana uzoefu, na advansi nimeshampa. Akianzia mbele taratibu haitafika huko.

Mzee wa Kifusi: Mbao za paa la jirani zimelala juu ya ukuta huo?

Mwana_Chang'ombe: Baadhi.

Mzee wa Kifusi: Basi huo ukuta ni nguzo ya nyumba ya mtu. Kijiko kikae mbali, sehemu ya karibu vunjeni kwa mkono. Kuta zako zinazoungana nao zikatwe taratibu, zisivutwe. Kabla ya hapo paa lake lishikiliwe kwa mirunda upande wake, hivyo lazima aingie fundi ndani kwake. Na msimwage maji hapo kuzuia vumbi, tofali za tope zikilowa zinalainika. Hata msingi wako mpya sogeza, ukichimba kando ya ukuta wake utakufuata shimoni.

Mlokole wa Kikuyu: Mpende jirani yako, ndugu.

Kibali Kiko Wapi: Tangu CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ivunjwe 2017 vibali ni vya halmashauri, sasa Jiji. Unacho?

Mwana_Chang'ombe: Nafuatilia. Kwani nikibomoa changu mwenyewe kuna ubaya gani?

Mtani wa Tabora: Hii chai wakuu, tena ya rangi. Juzi jamaa huyu kwenye uzi wa kodi alilalamika mwenye nyumba kampandishia, leo ana nyumba Chang'ombe? Na nyumba mbili ukuta mmoja si mambo ya Uhindini hayo? Leta picha.

Bibi Harusi 2: Nilishaanza kuonea huruma watoto wa jirani 😂

Mwana_Chang'ombe: Situngi. Napanga Ilazo, nyumba ni ya urithi. Baba na baba mkubwa walijenga pamoja, wakaigawa katikati. Huko upande wa pili anakaa kaka, mtoto wa baba mkubwa. Hatusemeshani tangu msiba.

Umeme Kwanza: Kumbe. Hajui kuhusu Jumamosi?

Mwana_Chang'ombe: Ataona kijiko.

Mzee wa Kifusi: Sitisha kijiko. Mjumbe wa mtaa akusindikize leo jioni, uongee naye wewe mwenyewe.

Mtani wa Tabora: Picha bado hatujaona.

Mwana_Chang'ombe: Advansi hairudi, wakuu.

Mnunuzi wa Bati: Mkuu, hizo bati na mbao za kenchi unauza bei gani?