Gofu katika nchi ya mizabibu ya Cape: nichague kiwanja kipi?

Mgeni wa Limuru: Salaam wanajukwaa. Mwezi wa Februari nitakuwa Cape Town kikazi, na mke wangu atanifuata ili tubaki siku chache baada ya mikutano. Yeye anapenda mashamba ya mizabibu. Mimi ni mchezaji wa gofu wa kiwango cha kati, ninayepiga mpira ukanyooka lakini usifike mbali. Naomba kujua viwanja vinavyostahili gharama yake, hasa vile ambavyo havitatulazimisha kutengana kutwa nzima.

Mama Fimbo Saba: Karibu, kaka. Kwa hitaji lenu ningeanza na De Zalze, nje kidogo ya Stellenbosch, kwa sababu Peter Matkovich alikichora kiwanja hicho katikati ya mizabibu yenyewe, na mvinyo wa Kleine Zalze unatengenezwa papo hapo. Februari ni msimu wa mavuno, kwa hiyo huenda ukawakuta wavunaji wakikata vichala safu chache tu kutoka unaposimama na fimbo yako. Cha pili ni Steenberg, upande wa Constantia, nacho ni kazi ya Matkovich, katika shamba lililoanza mwaka 1682. Shemeji ataonja mvinyo huku wewe ukimaliza mashimo yako.

Baharia Mstaafu: Dada amesema vyema, ila hajataja upepo, na kwa mtu asiyepiga mbali hilo ndilo la kwanza. Kiangazi cha huko huvumisha upepo wa kusini-mashariki ambao mara nyingi hushika kasi mchana, na hauonekani kuwa na haraka ya kuondoka. Milnerton, kiwanja kilichobanwa kati ya bahari na wangwa, chenye mandhari ya Mlima Meza ambayo nisingependa mtu ayakose, hukugeukia kabisa saa hizo: umbali ambao asubuhi uliumaliza kwa fimbo ya chuma namba saba, ya masafa ya kati, alasiri unatoa fimbo ya mbao, ya masafa marefu, na mpira bado unapungua. Wekeni nafasi ya mapema kabisa.

Mimi ningeongeza Erinvale ya Somerset West, iliyochorwa na Gary Player chini ya milima ya Helderberg. Ernie Els na Wayne Westner walilichukulia hapo Kombe la Dunia la gofu mwaka 1996. Mashimo tisa ya kwanza ni tambarare. Tisa ya mwisho yanapanda mlimani, na magoti yatakuambia.

Mzee wa Grini: Arabella mmeiachaje? Ni safari ya zaidi ya saa moja kutoka mjini, lakini shimo la nane linaloteremka kuelekea wangwa wa mto Bot linatosha kuilipa, na baada ya hapo bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na Hermanus, litampa shemeji mvinyo mwekundu wa pinot noir. Jambo jingine: viwanja vingi vya Cape vimepandwa nyasi za kikuyu, zilezile za kwenu nyanda za juu, kwa hiyo hutashangaa mpira unapokataa kubingirika.

Mgeni wa Limuru: Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba asubuhi ni ya fimbo na mchana ni wa glasi. Je, kuendesha gari wenyewe kutafaa?

Mama Fimbo Saba: Hapana, kaka. Kodini gari lenye dereva kwa siku hizo za kuonja, kwa sababu polisi wa barabarani wa huko hupima pumzi za madereva.