Naomba ushauri: mpango wa "ikiwa, basi" unakwama kwenye feri

Wenzangu, hamjambo? Naishi Likoni, Mombasa, kazi yangu iko ng'ambo ya feri, mjini karibu na soko la Marikiti, na nasomea uhasibu jioni. Nimeanza kutumia mipango ya "ikiwa, basi", ile aliyoieleza mwanasaikolojia Peter Gollwitzer katika makala yake ya 1999. Badala ya kusema tu "nitasoma", unalifunga tendo na saa, mahali au jambo fulani, ili likitokea uanze papo hapo bila kubishana na nafsi.

Upande wa pesa umekubali: "Nikilipwa, basi kabla sijatoka kazini natuma akiba kwenye chama." Hata mke wangu anashangaa.

Kusoma ndiko kunakonishinda. Niliandika: "Nikishuka feri jioni, basi naenda moja kwa moja kwenye kitabu." Lakini feri na foleni yake havina saa. Leo nashuka magharibi inaadhiniwa, kesho isha imeshapita na macho yamechoka. Tena njiani kuna baraza la kahawa, na nani Likoni anapita pale bila kuitwa?

Je, niifunge saa ya kusoma na swala ya alfajiri, ambayo haingoji feri? Au niongeze mpango wa kizuizi: "Nikiitwa barazani, basi naitikia salamu huku natembea"? Nahofia mipango ikizidi itagongana, na wazee wataniona nina kiburi. Nyinyi mnaovuka kila siku, au mnaofanya kazi za zamu, mmeifunga yenu na nini?